Shingo za Bibi

Hadi leo nikinusa penseli iliyochongwa sasa hivi, huiweka mbali nami. Najua watu wengi harufu hiyo huwapa raha. Huwakumbusha daftari jipya, muhula mpya, mwalimu waliyempenda. Mimi hunirudisha kwenye chumba kimoja cha chini ya ardhi, Kilburn, London, ambako unyevu ulikuwa umepanda ukutani hadi usawa wa kiuno changu, na ambako mzee mmoja wa Kijapani alikaa akichonga penseli kwa wembe, kwa mkono mmoja, penseli ameibana kwa magoti, maganda ya mbao yakimwangukia miguuni, huku akinitukana. Chumba kilikuwa na dirisha moja tu, na dirishani huoni uso wa mtu. Unaona viatu vikipita, magurudumu ya vigari vya watoto, na mbwa. Harufu nyingine zilikuwamo pia, ya dawa ya kuchulia misuli na ya supu ya mwani, lakini ya penseli ilizishinda zote. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, shule zimefungwa kwa likizo ya kiangazi, na sikuwa nimewahi kukutana na mtu mkatili kuliko Bibi yangu. Nilidhani Bibi ndiye mwisho.

Bibi alikuwa mama mzaa mama, mwanamke wa Wete, Pemba, aliyeingia Uingereza akiwa tayari mtu mzima na ambaye hakusamehe hata kimoja alichokikuta: baridi, mkate, milango ya basi inayojifunga yenyewe. Tuliishi naye katika flati ya kupanga, ghorofa ya tatu, juu ya duka la mapazia, mimi na yeye kitanda hiki na Mama kitanda kile. Watu husema fulani ana maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Bibi alikuwa na maneno ya kumrudisha. Kukaa naye kutwa nzima kulitaka moyo, na Mama alijua hivyo kuliko mtu yeyote, maana ndiye aliyelelewa naye. Kwa hiyo kiangazi kile, Mama alipokuwa akienda kazini, alinichukua mkononi kinyume cha amri ya kampuni iliyomwajiri. Mama alikuwa kea, yaani mtunza wazee majumbani mwao. Huwaogesha, huwavisha, huwalisha, kisha hukimbilia basi kwenda kwa mwingine. Mzee wake wa asubuhi na wa jioni, mtaa wa pili tu kutoka kwetu, alikuwa Bwana Nishida.

Kiharusi kilikuwa kimemuua Bwana Nishida upande wa kulia, mguu nusu na mkono wote. Mkono ule aliuweka mapajani na kuusogeza kwa mkono wa pili pale ulipomzuia, bila huruma, kama anayesogeza paka. Kiingereza alikijua vizuri, kwa kuwa aliwahi kuoa Mwingereza na kufundisha uchoraji katika chuo kimoja cha London, mpaka mke akamchoka na chuo kikamchoka. Siku ya kwanza nilikaa kwenye kona nikichora nyuma ya karatasi ya matangazo ya mkahawa, Mama akiwa jikoni. Alininyooshea mkono bila kusema. Nikampa. Akaitazama karatasi, akaigeuza juu chini, akaitazama tena, kisha akaiachia ianguke sakafuni. "Mistari yako inaogopa," alisema. "Kesho uje na mikono iliyonawa." Mama alidhani mzee anatania. Mimi nilikwenda nikanawa mikono siku ile ile, na kesho yake tena, na nikajua kwamba sijawahi kutaka kitu duniani kama nilivyotaka mtu yule aniambie mistari yangu haiogopi.

Kazi yenyewe naweza kuieleza kwa maneno machache, ingawa kuifanya kulinimaliza. Filamu ya katuni ni rundo la karatasi. Mchoraji mkubwa huchora mtu anapoanza tendo na anapolimaliza, kwa mfano mkono ukiwa chini, halafu mkono ukiwa juu. Karatasi zote za katikati, zinazoupandisha mkono huo kidogo kidogo, huchorwa na mtu mdogo asiyejulikana. Unaiweka karatasi yako juu ya kioo chenye taa chini yake, ili uone mchoro wa mwanzo na wa mwisho ukipenya kwa chini, na wewe unatafuta njia baina yao. Kisha unazishika karatasi tano baina ya vidole, unazipepeta, na yule mtu anasogea. Mara ya kwanza nilipozipepeta za kwangu na mtu akasogea, nilipiga kelele mpaka Mama akatoka jikoni na sufuria mkononi. Bwana Nishida alizichukua zile tano, akazipepeta mwenyewe kwa mkono wake wa kushoto, akazitupa. "Huyu hatembei," alisema. "Huyu anasukumwa na gari."

Alikuwa akitengeneza filamu yake ya mwisho, fupi, ya dakika chache tu. Michoro mikubwa aliichora kwa mkono wa kushoto, kwa taabu, akitoa jasho hata siku ya mvua. Ya katikati hakuiweza, kwa sababu ilihitaji wembamba wa mstari ambao mkono wa kushoto haukuwa nao. Alihitaji mkono wa mtu mwingine, na wangu ndio uliopatikana. Hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita Mkono. "Mkono, kaa." "Mkono, mbona unapumua juu ya karatasi?" Siku nilipokuja na mafua alimwambia Mama, mbele yangu, kwamba Mkono leo umeleta na pua. Mama alicheka kwa adabu ya mtu anayehitaji kazi, na tulipotoka nje aliniuliza kama nataka kuacha. Nilimwambia sitaki. Akanitazama, akasema, "Haya, mwanangu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti."

Maisha yake niliyasikia kipande kipande, na kila kipande alikitumia kunipiga. Nikilalamika kwamba mgongo unauma, aliniambia kuwa aliingia studio Tokyo akiwa kijana wa miaka kumi na minane na kulala chini ya meza kwa majira mazima. Nikiuliza kama mchoro ni mzuri, aliniambia kuwa mkubwa wake hakuwa akisema kitu. Alikuwa akiiachia karatasi ianguke, na sharti lilikuwa kuiokota kwa magoti, si kwa kuinama. Kwanza alikuwa mchora katikati kama mimi. Kisha akawa mkaguzi wa wachora katikati, akawalipa wengine yale aliyofanyiwa. Kisha akaruhusiwa kuchora ile michoro mikubwa. Kisha akawekwa kuzisahihisha nyuso zilizochorwa na kila mtu, ili mhusika awe na uso mmoja filamu nzima, na kazi hiyo, alisema, ndiyo iliyommalizia marafiki, kwa sababu hakuna anayempenda mtu anayefuta pua yake kila siku. Kisha akaongoza vipande vya televisheni, na mwisho, nywele zikiwa zimeshaanza mvi, akapewa filamu yake mwenyewe aiongoze, moja. Hakuna aliyekwenda kuitazama. Mpanda ngazi hushuka, sisi husema, lakini tunasema kana kwamba mtu huteremka taratibu akishika pembeni. Bwana Nishida alianguka ngazi zote, akaangukia Kilburn, chini ya usawa wa barabara.

Filamu hii fupi ndiyo iliyokuwa kamba yake ya mwisho. Mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa alikuwa mwongozaji mkubwa mwenye studio yake Tokyo, alikuwa anakuja London mwisho wa likizo kwa shughuli zake, na alikubali kupita. Akiipenda, studio yake itaimaliza filamu na kuitoa. Kilibaki kipande kimoja kigumu: mwanamke mzee amesimama jikoni, ameupa mgongo mlango, anasikia mtu anaingia, anageuka kumtazama. Basi, ni hilo tu. "Ukikimaliza kabla hajaja," Bwana Nishida aliniambia, "jina lako litaandikwa mwishoni mwa filamu, pamoja na wachora katikati." Alisema "jina lako", na nadhani hata yeye hakulijua. Nilirudi nyumbani nikiwa sisikii hata magari. Nilitaka jina langu liwemo kuliko nilivyotaka Peponi, na wakati ule Pepo niliitaka sana, kwa sababu Bibi alinieleza kila siku jinsi nitakavyoikosa.

Tatizo lilikuwa shingo. Kichwa kikigeuka, macho hutangulia, kidevu hufuata, na shingo hujisokota nyuma yao kwa uvivu, na ya mzee hujisokota kwa maumivu. Za kwangu ziligeuka kama mfuniko wa chupa. "Shingo!" alikuwa akipiga kelele Bwana Nishida. "Umechora bomba! Mwanamke huyu ana mifupa, au ni choo?" Nilichora nikafuta mpaka karatasi ikatoboka. Nikaamua kutafuta shingo ya kuiangalia, na nyumbani shingo nzee ilikuwa moja. Bibi akiwa jikoni anakaanga, mimi nilijibanza mlangoni, nikaita, "Bibi!" Akageuka: macho, kidevu, kisha ile mishipa miwili na ngozi iliyokunjana. "Unani?" Nikasema hakuna. Nikarudi chumbani mbio nikachora. Baadaye kidogo, "Bibi!" Akageuka. "Lako jambo?" Hakuna. Nadhani nilimgeuza hivyo kiangazi kizima. Alimwambia Mama, "Mwanao ana shetani. Ananiita kama mtu anayemwita mbuzi, nikigeuka ananitumbulia macho tu." Mama akasema, "Watoto wa London, Mama, ndivyo walivyo," jibu alilokuwa akilitumia kwa kila jambo asilokuwa na nguvu nalo. Na Bwana Nishida, pole pole, akapunguza kelele. Hakusifu. Aliacha tu kuzitupa karatasi, na mimi nikaona nimefika.

Lazima niseme hapa jinsi Bibi alivyoziona picha. Aliamini, kama walivyoamini wazee wengi wa kwetu, kwamba malaika hawaingii nyumba yenye sura za viumbe, na kwamba mwenye kuchora chenye roho ataambiwa siku ya Kiyama, haya, kitie roho ulichokichora, na hataweza. Hakuwa na picha hata moja ya ujana wake, na katika harusi za London wapiga picha walimjua kwa kiganja chake kilichofunika uso. Lakini ufumbuzi ulikuwapo, na Bibi aliutumia kwa bidii: ukikipiga mstari shingoni, kichwa kimekatwa, si kiumbe tena, ni wino. Jogoo aliyekuwa kwenye boksi letu la nafaka alikatwa shingo kwa kalamu ya wino kila boksi jipya liliponunuliwa. Vitabu vyangu vya hadithi vyote vilikuwa machinjio: sungura, wafalme, watoto waliokuwa wakipanda treni. Shuleni nilisema aliyevichorachora ni ndugu yangu mdogo, na ndugu mdogo sina. Michoro ya Bwana Nishida sikuwahi kuileta nyumbani kwa sababu yeye alikataza isitoke, na Bibi aliambiwa tu kwamba namsaidia Mama kumsomea mgonjwa magazeti.

Kisha ikanyesha. Ijumaa moja, siku tatu kabla ya mgeni, mvua ya London ambayo kawaida hunung'unika tu ilipiga kama ya masika, maji yakateremka ngazi za nje yakaingia chini ya mlango wa Bwana Nishida. Mama alimkuta ameketi kitandani amekumbatia rundo la karatasi, maji yako kwenye soli za viatu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeamuru: zipelekwe juu, pakavu, kwenu. Tukazibeba ndani ya mifuko ya takataka, kipande kizima cha yule mwanamke, na nyumbani tukazitandaza zikauke: juu ya kitanda cha Mama, ambaye alilala kitini, juu ya kochi, juu ya zulia lote, tukiacha kijia tu. Bibi alikuwa Woolwich kwa dada yake, akarudi usiku wote tumeshalala na taa zimezimwa, akaingia kitandani akidhani zile ni nguo zilizoanuliwa. Asubuhi ilikuwa Jumamosi. Mama akaenda kwenye shifti, mimi nikaenda madrasa. Bibi alibaki amelala, jambo la nadra, kwa uchovu wa safari.

Nimeufikiria sana wakati ule ambao sikuwapo. Mwanamke mzee anaamka, anatawadha, anatandika msala wake mahali pekee penye nafasi, anainua kichwa, na chumba kizima ni yeye. Yeye ameupa mgongo mlango. Yeye anaanza kugeuka. Yeye macho yametangulia. Yeye kidevu kimefuata. Yuko kitandani, yuko kwenye kochi, yuko miguuni pake, na safu ya mwisho yote imegeuka kamili, inamtazama. Niliporudi mchana nilimkuta amekaa kwenye kiti amemaliza, kalamu nyeusi mkononi, miwani kwenye pua. Karatasi zilikuwa zimepangwa vizuri, zimekauka, na kila moja ilikuwa na mstari mnene shingoni. Hakuacha hata moja. Nilizishika tano nikazipepeta kwa mazoea tu, na yule mwanamke akageuka, na mstari ukamchezacheza shingoni kama kisu kinachotafuta mahali. "Nimekuokoa," Bibi alisema. "Usinililie. Kilio kiko huko mbele." Nililia mpaka nikatapika juu ya viatu vyangu vya madrasa.

Mama alipoona, alikaa chini sakafuni na koti lake la kazi. Hakumgombeza Bibi, Mama hakuwahi kujua jinsi ya kumgombeza. Alisema tu kwamba twende tukamwambie mzee wa watu, na Bibi akasimama akavaa buibui lake. "Nami naja. Mie sijifichi. Nilichokikata nimekikata mchana." Tukateremka sote watatu hadi kwenye chumba kile kilichonuka mazulia mabichi, mimi nimebeba rundo. Bwana Nishida alizipepeta mara moja, akaona. Akazipepeta tena. Kisha akaniambia mimi, bila kumtazama Mama, "Muulize kwa nini." Mama alikuwa na Kiingereza cha kazini, cha dawa na choo na chai, si cha mambo kama yale. Ikabidi nitafsiri mimi, na nilikuwa sijajua bado kwamba mkalimani anaweza kulainisha neno. Nilizipeleka kauli zao kama zilivyotoka.

"Mwambie," Bibi alisema, "siku ya Kiyama ataambiwa avitie roho alivyovichora. Atatia na nini? Mkono wake mwenyewe umemshinda kuutia roho."

"Mama!" Mama alisema.

"Mama nini? Mwambie."

Nikamwambia. Bwana Nishida akacheka kwa ule upande wa mdomo uliokuwa hai. Akasema polepole ili nisipoteze kitu, "Mwambie hajaua chochote. Hizi zilikuwa zimekufa kabla yake. Mwanamke wangu anaanza kugeuka, katikati anakuwa mtu mwingine kabisa, mtu simjui, halafu mwishoni anarudi kuwa wangu. Mtu hageuki hivyo. Hivyo hugeuzwa maiti. Nimeziona wiki nzima nikanyamaza, kwa sababu mgeni anakuja na sina pa kupata mkono mwingine. Mwambie mjukuu wake hana mkono. Alikuwa nao wa kuazima tu, na hata huo haufai."

Alinitazama, akasubiri. Alitaka niyaseme mwenyewe. Nilikuwa najua sasa alichokiona, maana nami nilikiona pale pale, karatasi zikiwa mbele yangu: katikati ya kipande, mwanamke wa Kijapani alikuwa amegeuka Bibi. Nilichukua shingo, na shingo ilikuja na kidevu, na kidevu kikaja na kinywa. Sikukusudia. Nikamgeukia Bibi nikasema, "Anasema zilikuwa zimekufa tangu mwanzo. Anasema... anasema mimi sina mkono." Nikaona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu, kwa sababu nilijua Bibi angesema, si nilikwambia.

Bibi hakusema hivyo. Alichukua karatasi moja ya katikati, akaisogeza mbali kidogo jinsi wenye miwani wanavyofanya, akairudisha. Uso wake ulikuwa wa hasira, lakini hasira yenyewe haikuwa juu yangu. "Mwambie muongo," alisema. "Nimesali rakaa moja nikashindwa ya pili. Zote zinanitazama. Moja inanitazama kama marehemu mama yangu. Zingekuwa zimekufa mimi ningezikatia nini? Mwambie mzoga hauchinjwi."

Neno mzoga sikulijua kwa Kiingereza. Mama ndiye aliyelisema, kwa sauti ndogo, kwa Kiingereza chake cha sokoni, "nyama iliyokufa". Bwana Nishida akataka nirudie sentensi yote, nikairudia. Akazishika karatasi tano tena baina ya vidole vyake vya kushoto lakini hakuzipepeta. Nje viatu vya watu vilikuwa vinapita. Nilimtazama mdomo, kwa sababu neno moja tu lake lingenitosha, neno lolote, hata nusu. "Bibi ni bibi," alisema mwisho. "Bibi husifu. Katupe." Hakumwambia Mama akatupe, aliniambia mimi. Nikazibeba hadi kwenye mapipa ya nje, nikalifunua lile la karatasi, lililokuwa limejaa maji ya mvua ya jana, nikazitia. Bibi alikuwa amesimama kwenye ngazi akinitazama, na nilipomaliza alisema, "Haya, twende. Na ole wako nikuone tena na penseli." Njiani nilimuuliza kama kweli zilikuwa nzuri. "Nani kasema nzuri?" alijibu. "Nimesema zinatazama." Hakulizungumza tena mpaka anakufa, nami nilimjua vya kutosha nisimuulize.

Mgeni alikuja Jumatatu, na mimi nilikuwapo kwa sababu Mama alihitaji mtu wa kushika trei ya chai. Nilitarajia jitu, alikuwa mtu mwembamba mwenye suti nzuri na adabu iliyokunyoosha mgongo. Walizungumza Kijapani, lakini sikuhitaji mkalimani. Alikaa kwenye kiti, Bwana Nishida akakaa kitandani, chini yake. Alipitia michoro ile mikubwa iliyosalimika, mmoja mmoja, ile iliyochorwa kwa mkono wa kushoto na jasho. Alipofika kwenye mchoro wa mwanamke wa jikoni, ambao Bwana Nishida aliuchora upya Jumapili, aliutazama, akatabasamu, akauachia ukaanguka sakafuni. Nilisogea niuokote. Mgeni aliinua kidole kimoja tu kunizuia, bila kunitazama. Bwana Nishida akateremka kutoka kitandani. Goti la kushoto liliinama. La kulia halikutaka, akalisukuma kwa mkono mpaka likagusa zulia bichi, akauokota, akaunyoosha kwa mgeni, na mgeni akaupokea kwa mikono miwili kwa heshima kubwa. Mama alinivuta jikoni. Alikuwa analia, na aliniambia nisimwambie Bibi. Mgeni aliondoka na filamu yote ndani ya mkoba wake. Kipande kilichokosekana, Bwana Nishida alituambia baadaye akiwa ameangalia ukuta, kitachorwa Tokyo. Wako vijana huko watakimaliza upesi.

Mama alihamishiwa wazee wengine msimu wa baridi ulipoanza, na Bwana Nishida akapelekwa nyumba ya wagonjwa, akafa huko bila sisi kuambiwa. Filamu ilitufikia kwa posta tumeshamsahau, au tumeshajifanya tumemsahau. Iko kwenye diski, ina dakika chache, na ni nzuri. Nasema hivyo ingawa sitaki. Sasa nina umri ambao Mama alikuwa nao wakati ule. Mimi ni mkalimani hospitalini, naishi Woolwich, na sijachora kitu chenye shingo tangu kiangazi kile. Bibi tumemzika hapa hapa London, kwenye udongo aliousema vibaya miaka yote, na sura yake iliyobaki ni ya kwenye pasipoti, amekunja uso kama mtu anayetafutwa na polisi. Picha nyingine hakuacha. Binti yangu, ambaye ananielewa kwa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza, hamjui Bibi kabisa.

Kila Idi, chakula kikishaliwa na wageni wakilegea kwenye makochi, Mama huiweka diski ile kwenye televisheni. Mwanamke anasimama jikoni, anasikia mtu, anageuka. Anageuka vizuri mno. Macho, kidevu, shingo, hakuna kosa popote, na tangu mwanzo hadi mwisho ni mwanamke mmoja yule yule, nisiyemjua. Idi iliyopita binti yangu alinyoosha kidole akauliza, "Is that Bibi?" na Mama, mbele ya wageni, akasema ndiyo, ndiye huyo, mama yako ndiye aliyemchora. Sikumkosoa. Kisha yakaja majina ya mwishoni, safu kwa safu za Kijapani, na Mama akasimamisha pale anaposimamisha kila mara, kwenye wachora katikati, penye jina moja lililoandikwa kwa herufi zetu: Zuwena. Yule mzee alilijua, na aliwalazimisha waliandike, ingawa Tokyo karatasi zote za katikati zilichorwa upya, na filamu nzima haina mstari wangu hata mmoja. Wageni walisema mashallah. Nami nikasema ahsanteni, nikaondoa sahani, kwa sababu nilitaka jina langu liwemo, na limo.